Mwaka Niliojaza Kopo kwa Neno Moja

Watu huandika kumbukumbu zao wakiwa na mvi na miwani. Mimi nina chunusi, na mbele yangu kuna mtihani wa kidato cha sita ambao bado sijaanza kuusomea. Lakini mwezi uliopita Nestori alinitumia ujumbe baada ya kimya cha miaka mitatu, "Redio, kesho nipo Kibirizi, njoo tule samaki," na tangu nilipousoma, mwaka wa kidato cha tatu umekuwa ukinijia kama kwikwi: nikidhani umekwisha, unarudi. Redio ni mimi. Jina langu ni Elikana, ila shuleni aliyelitumia ni daftari la mahudhurio peke yake. Waliniita Redio kwa sababu, walisema, sikuwa na kitufe cha kuzimia. Sikubishana nao. Mtu akiitwa Redio, angalau ana uhakika kwamba kuna mtu anamsikia.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Ujiji kwa Bi Zaituni, kwa kuwa nyumbani Kalinzi ni mbali na shule, na shule yetu haikuwa na bweni. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, jiko la mkaa, sufuria moja, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani, ukuta usio na kitu chochote cha kutazamwa isipokuwa mjusi mmoja niliyempa cheo cha mkuu wa shule. Kila jioni nilipika ugali wa muhogo, nikakaanga dagaa kwa mawese, nikageuza ndoo nikaikalia, nikala. Hapo ndipo nilipogundua kwamba chakula cha mtu mmoja kinaisha haraka kuliko chakula chochote duniani, hata kikiwa kingi, kwa sababu hakuna wa kukusimamisha kwa maneno. Shuleni nilikuwa na watu mia tatu wa kuwachekesha. Chumbani nilikuwa na mjusi, naye alikuwa mgumu. Asubuhi moja nikiwa navaa viatu nilimsikia Bi Zaituni uani akinywa uji na dada yake, Bi Mwamini, na ukuta ule ulikuwa mwembamba kama daftari.

"Huyu mpangaji wako wa Kalinzi huwa ana wageni?" Bi Mwamini aliuliza.

"Hana mgeni. Anaongea na sufuria."

"Ee! Nayo inamjibu?"

"Bado. Ila anaipa nafasi ijibu, maana ananyamaza kidogo, halafu anacheka."

"Masikini ya Mungu. Mpelekee uji basi."

Nilitoka nikiwa nimechana nywele, nikawaamkia shikamoo zao mbili, nikawaambia sufuria imesema ahsante kwa uji. Walicheka mpaka Bi Mwamini akamwaga wake. Mimi nilikunywa nikiwa nimesimama, nikaenda shule, na njia nzima masikio yalikuwa ya moto. Nimekuja kuelewa sasa kwamba karibu mizaha yangu yote ya mwaka ule ilizaliwa hivyo: mtu ananiona mahali ambapo sikutaka kuonekana, nami narusha kitu cha kuchekesha aangalie huko.

Nestori alikuwa jirani yangu wa dawati. Alikaa kwa shangazi yake Mwandiga, na akiulizwa kwao ni wapi alisema Kidahwe, haraka haraka, kama mtu anayetaja namba ya siri. Mimi ndiye pekee niliyejua kwamba haikuwa Kidahwe. Siku moja tulikuwa tunachota maji, nikamtania kwa Kiha, lugha ya kwetu, akanijibu kwa Kirundi, na kwa kuwa lugha hizo mbili zinaelewana kama ndugu waliogombana zamani, hatukugundua mpaka tulipofika darasani kwamba kila mmoja alikuwa akisema ya kwake. Akanivuta pembeni. "Mama yangu yuko kambini," akasema. "Ukimwambia mtu, nitaitwa Mkimbizi mpaka nimalize shule." Nikamwambia mimi tayari naitwa chombo cha umeme, siwezi kumcheka mtu jina. Sikumwambia yeyote, na kwa hilo ninajivunia bado, ingawa ni kama mtu anayejivunia kufunga dirisha wakati mlango ameuacha wazi.

Sasa nieleze kibao. Shule nyingi zinakijua. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba, na ukikamatwa unaongea lugha yoyote isiyo Kiingereza, unavalishwa shingoni. Kukivua kuna njia moja tu: umkamate mwingine. Shule nyingine, wa mwisho kubaki nacho anachapwa au anafyeka nyasi. Kwetu Madam Pendo, mwalimu wa Kiingereza, alisema viboko havijawahi kumfundisha mtu neno hata moja. Aliweka kopo la maziwa ya unga kwenye meza ya maktaba, ndani yake vikaratasi vilivyokunjwa, kila kimoja na neno fupi la Kiingereza la kila siku: "cat", "key", "milk", "boat". Aliyekutwa na kibao Ijumaa kengele ya kufunga ikilia alichota kikaratasi, akabaki maktaba, akanakili kutoka kwenye kamusi kubwa maana zote za neno lile na asili yake. Haruhusiwi kutoka mpaka amalize. Jumatatu anasimama mstarini na kusoma mbele ya shule nzima. Mimi nilishabaki mara nne. Nilishamsomea kila mtu kwamba "boy" ni neno ambalo wazungu wenyewe hawana hakika limetoka wapi, na nikaongeza kwamba hilo wangemuuliza mama yangu, naye angewaambia lilitoka kwa shida. Hata Madam Pendo aliuma midomo.

Ilikuwa katika mojawapo ya Ijumaa hizo za adhabu ndipo nilipokutana na "set". Nilikuwa natafuta neno langu, nikapita ukurasa, nikaona "set". Nikafunua ukurasa wa pili, bado "set". Wa tatu, "set". Nikasema hapana, hapa mchapaji alilala juu ya mashine. Neno la herufi tatu, fupi kuliko jina la mbwa wetu, lilikuwa limejenga mtaa mzima. Jua likizama ni yeye. Kuandaa meza, yeye. Kutega mtego, yeye. Kuunga mfupa uliovunjika, saruji kukauka, kurekebisha saa, kutunga mtihani, kuanza safari, kuwasha kitu moto, yeye, yeye, yeye. Vikombe sita vinavyofanana, yeye tena. Na asili yake, ndogo chini kabisa kwa herufi za chungu wadogo: kitenzi kilitoka Kiingereza cha kale, na maana yake ya kwanza ilikuwa kukalisha, kumfanya mtu au kitu kikae. Lakini lile la vikombe, la kundi la vitu vinavyokwenda pamoja, lilikuja kwa njia nyingine, kupitia Kifaransa cha zamani kutoka Kilatini, kwenye neno la watu wanaomfuata mtu fulani. Yaani maneno ya koo mbili yalikutana njiani, yakaonekana yanafanana sura, yakahamia nyumba moja, na leo hakuna anayeyauliza yamezaliwa na nani. Jambo hilo lilinipendeza mno. Nilikaa na kidole juu ya ukurasa nikiona raha ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia, na raha isiyo na wa kuambiwa, kwa mtu kama mimi, lazima igeuke mzaha. Nikahesabu vikaratasi vilivyokuwa koponi, nikavitia mfukoni vyote, nikakata vingine idadi ileile, nikaandika juu ya kila kimoja neno moja tu.

Mpango wangu ulikuwa huu: Ijumaa ijayo mtu yeyote atakayebaki, atachota "set", na ataandika mpaka mkono uote mizizi. Sikujua ni nani. Huo ndio ulikuwa utamu wake. Nililala wiki nzima nikicheka, na Bi Zaituni lazima alidhani sufuria imeanza kujibu.

Ijumaa ilipofika, kibao kilikuwa shingoni kwangu. Sijui kwa nini hili halikuwa limenijia akilini, kwamba katika shule ile mtu mwenye uwezekano mkubwa wa kuingia kwenye mtego wangu nilikuwa mimi. Zilibaki kama dakika tano kengele ilie. Nikaanza kuzunguka kama mwewe. Lakini Ijumaa watu huwa mabubu. Kila mtu alikuwa akitikisa kichwa na kuonyesha kwa vidole, uwanja mzima ulikuwa kama shule ya viziwi. Nestori alikuwa amesimama karibu na tanki la maji, peke yake, begi mgongoni tayari. Niliona kwamba shati lake limepigwa pasi mpaka mikono ina makali, na viatu vimeng'arishwa. Niliona, nikafikiri: huyu leo ana msichana. Nikamwendea. Mimi sikuwa na cha kupoteza kwa kuongea Kiha, kibao tayari nilikuwa nacho. Kwa hiyo nilisimama mbele yake nikainama kidogo, nikakutanisha viganja taratibu, kama bibi yangu anavyofanya akimwona mtu wa heshima mlangoni, nikasema kwa sauti ya bibi yuleyule: "Mwakeye!"

Waliolelewa huku wataelewa. Ile si salamu ya kupita nayo. Ukisalimiwa hivyo, viganja vikiwa vimekutana, ukanyamaza, umemtukana mtu na waliomzaa. Nestori alikuwa amefundishwa hivyo tangu hajajua kutembea, na mtu aliyemfundisha, nilikuja kujua baadaye, alikuwa ndiye aliyejaa kichwani mwake saa ileile. Viganja vyake vilikutana kabla hajafikiri. Akajibu, kikamilifu, kwa Kirundi, akiwa ameinama, uso wote umelainika. Kisha akaona ninacheka, na ninavua kamba.

"Redio," akasema. "Leo hapana. Tafadhali."

"Sheria ni sheria, mheshimiwa."

"Leo hapana, Elikana."

Aliniita jina langu. Ningekuwa redio ya maana ningenasa mawimbi. Lakini viranja walikuwa wameshaona, watu walikuwa wameshaanza kushangilia, na mimi sikuwa nimewahi kuuacha umati unaocheka. Nikamvalisha. Kengele ikalia. Hakumwambia Madam Pendo kitu, maana angesema nini? Angelazimika kusema mama, na kambi, na kila kitu alichokuwa amekificha. Akaenda maktaba akiwa amenyooka.

Mimi siku hiyo nilikuwa nakwenda Kalinzi, kama Ijumaa nyingi. Nilishuka Mwandiga kusubiri gari la kupanda milimani, na nikakuta mabasi matatu makubwa yamesimama kando ya barabara. Moja lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, linabadilishwa tairi. Madirishani kulikuwa na akina mama, watoto, magodoro yaliyofungwa kwa kamba, ndoo, kuku mmoja aliyetoa kichwa kwenye kikapu akitazama mji kama mkaguzi. Watu wa pale waliniambia ni Warundi wanarudi kwao, wanapitia mpakani Manyovu. Nilikuwa natafuta cha kusema kuhusu yule kuku wakati mwanamke mmoja, mwembamba, kitenge cha kijani, aliposhuka haraka akaja mpaka mbele yangu. Hakuutazama uso wangu. Alitazama nembo kwenye mfuko wa shati.

"Mwanangu, hii ni shule ya Nestori?"

Aliongea Kirundi. Nilimwamkia, na yeye akakutanisha viganja, taratibu, akainama kidogo. Nikajua ni nani hata kabla hajasema.

"Ndiyo, mama. Tunakaa dawati moja."

"Aliniahidi atakuwa hapa. Umemwacha wapi?"

Nimeifikiria ile nafasi mara nyingi kuliko nafasi yoyote ya maisha yangu. Ningeweza kusema: yuko maktaba, nimemfungia mimi. Pikipiki zilikuwa pale, tano sita, madereva wamekaa juu yake wanakula miwa. Ningepanda moja, ningemfuata. Lakini ili nimfuate ningelazimika kwanza kumweleza mama yule kwa nini hayupo, nikiwa nimesimama mbele ya macho yake. Kwa hiyo nilifanya nilichozoea kufanya kila nikionekana. Nikatoa kitu cha kumfurahisha.

"Anakuja, mama. Yuko nyuma yangu tu."

Uso wake! Aligeuka akawapigia kelele wenzake dirishani kwamba mwanaye yuko njiani, na mwanamke mmoja mnene akamjibu kutoka juu, "Mama Nestori, huyo mwanao ni mwanafunzi au waziri? Mbona anasubiriwa na msafara mzima!" Wakacheka. Alicheka naye, akifuta jasho kwa pembe ya kitenge. Mimi nikarudi nyuma, hatua moja, hatua mbili, mpaka nikawa nyuma ya mikungu ya ndizi ya wachuuzi. Tairi likafungwa. Dereva akapiga honi. Nilimsikia mama Nestori akimwambia dereva kijana yuko njiani, ameambiwa sasa hivi na mwenzake, na dereva, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema, "Mama, nakuongezea kidogo, lakini nikikungoja sana wewe, humu wote watakuwa na watoto njiani." Akamwongezea kidogo. Kisha akapiga honi tena, na yule mama akapanda, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Mabasi yakashika barabara ya milimani, ileile ya kwetu.

Sijui ulipita muda gani. Nestori alifika na pikipiki, akashuka haijasimama. Vidole vyake vilikuwa vya bluu kwa wino. Alimuuliza mchuuzi wa ndizi kitu kimoja tu, na yule dada akamwonyesha milimani kwa kidevu. Nestori alisimama katikati ya barabara. Shati lake lilikuwa bado limenyooka, na hilo ndilo lililonishinda. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya mikungu, mita chache tu kutoka pale, na sikutoka. Alipoondoka kwenda kwa shangazi yake, nami nikarudi Ujiji. Sikuweza kupanda gari ambalo lingefuata mabasi yale. Bi Zaituni aliponiuliza mbona nimerudi, nilimwambia Kalinzi imehamishwa. Alicheka. Nikaingia ndani nikafunga mlango, na sikupika.

Jumatatu Nestori alisimama mstarini akasoma. Kurasa kumi na moja za daftari. Alianza na asili, kukalisha, halafu wale wafuasi wa Kilatini, halafu maana moja baada ya nyingine, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Mwanzoni watu walicheka urefu wake, na alipofika kwenye mpira wa wavu timu ikapiga makofi. Kisha wakachoka kucheka, wakabaki wakisikiliza. Madam Pendo alikuwa amesimama na kalamu mdomoni, ameduwaa. Nestori alipomaliza, Madam alimshika bega akasema hakuna mwanafunzi aliyewahi kunakili neno kwa uaminifu kiasi kile. Wiki iliyofuata, nilipokwenda maktaba kuvirudisha vikaratasi vya zamani mahali pake, hakuna aliyekuwa amegundua kitu. Wote waliamini ni bahati tu. Nestori pia, nilidhani.

Hakuniuliza chochote. Hakunipiga, na ningependa angenipiga. Alihamia dawati la mbele kwa kisingizio cha ubao, na mahali pake akaja kijana mmoja aliyekuwa analala kuanzia kipindi cha kwanza. Nilikuwa bado nachekesha. Ila nilianza kuona kwamba kila nikirusha kitu, macho yangu yanakwenda kwanza kwenye kisogo kimoja pale mbele, kuona kama kimetikisika. Hakikutikisika. Nikaanza kukitafuta kibao. Nilikuwa nafika getini asubuhi na kumwamkia kiranja kwa Kiha kwa sauti ya juu, nikavalishwa, na sikumkamata mtu. Ijumaa baada ya Ijumaa nilibaki maktaba nikinakili: "go", "put", "turn", "run". Madam Pendo alisema sasa amekata tamaa na mimi. Sikumwambia kwamba saa zile ndizo pekee katika wiki ambazo sikuwa peke yangu. Kulikuwa na mimi na kitu kirefu cha kuandika. Nyumbani Kalinzi niliwatumia ujumbe kwamba kuna masomo ya ziada. Mama akajibu, "Soma sana mwanangu." Hiyo nayo nilikuwa nayo chumbani, pamoja na mjusi. Mwezi wa kumi na mbili, shule ilipofungwa, nikasikia kwa wengine kwamba Nestori ameondoka, amemfuata mama yake. Nilikwenda mpaka kwenye dawati lake, kama vile angekuwa ameacha barua. Alikuwa ameacha dawati.

Kwa hiyo Kibirizi, bandari ndogo ya ziwani. Amekuwa mrefu, ana ndevu tatu anazozijali sana, na anavuka na boti kuja kununua mawese na dagaa wa kuuza kwao. Tulikaa kwenye benchi la mama mmoja anayekaanga migebuka, boti zikipakiwa mbele yetu, vijana wakipita na madumu vichwani wakitutaka tuvute miguu. Aliniuliza habari za Madam Pendo, za Bi Zaituni, za mjusi. Nilikuwa nimejiandaa kuchekesha kwa saa tatu mfululizo. Nikafika kwenye mkia wa samaki wa kwanza, nikamwambia. Nilimwambia kopo, vikaratasi vyote, na mama yake na kitenge cha kijani, na nilichomjibu, na mikungu ya ndizi. Nilisema nikitazama sahani.

Alitafuna muda mrefu.

"Vikaratasi vyote?"

"Vyote."

"Mshenzi wewe," akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akacheka kitu changu, kidogo, kupitia puani. Kisha akaacha. "Nikwambie. Madam alikwenda kumchukua mtoto wake hospitali. Aliniacha peke yangu mle tangu saa saba na nusu. Mlango ulikuwa wazi, Redio. Nilikwenda nikasimama mlangoni mara mbili."

"Sasa kwa nini..."

"Nilikuwa na hasira na mama. Alijiandikisha kurudi bila kuniuliza. Nikasema wacha na yeye asubiri, aone. Nikarudi kukaa. Nikaanza kuandika kwa mwandiko mzuri, nikipiga mistari kwa rula." Alisukuma miiba pembeni ya sahani, mmoja mmoja. "Nilipofika kule mwishoni, kwenye kuanza safari, ndipo nikatoka mbio."

Mama wa samaki akatuuliza kama tunaongeza ugali. Hatukumjibu, akaongeza mwenyewe.

"Kwa hiyo lile la kopo nakusamehe, tugawane," Nestori akasema. "Lakini ulichomwambia mama, hicho ni chako. Siwezi kukusaidia kukibeba." Akatoa simu, akabonyeza, akasikiliza kidogo, akanyoosha mkono. "Yuko hewani. Sema."

Niliishika ile simu kama sahani ya moto. Sauti ileile ikasema kwa Kirundi, nani mwenzangu. Nikaamkia. Nikataja jina langu, Elikana, sikutaja lile lingine. Nikamwambia mimi ndiye yule kijana wa Mwandiga mwenye shati la shule, kwamba siku ile nilijua Nestori haji, na kwamba nilimdanganya kwa sababu niliogopa. Nilisema yote bila kuweka hata kichekesho kimoja, na ilikuwa fupi ajabu. Upande wa pili kulikuwa na kuku wanalia na mtu anatwanga. Nikadhani amekata.

"Nilitazama nyuma mpaka Manyovu," akasema. "Kila pikipiki iliyotokea nilisema ni yeye. Wenzangu walilia njia nzima. Mimi sikupata nafasi ya kulia, nilikuwa natazama." Sikujua kama ananishtaki au ananiambia kitu kingine, na sikuthubutu kuuliza. "Kwenu ni wapi?"

"Kalinzi, mama."

"Basi tulipita kwenu. Na wewe ukienda kwenu unapita pale pale."

"Napita mara chache. Huwa najifanya nimelala."

"Usilale," akasema. "Nenda ukamwone mama yako. Pale Mwandiga hakuna anayesubiri tena." Nikasikia akimfukuza kuku. "Haya, sasa nipe mwanangu."

Nikampa Nestori simu.